Kompyuta Iliyozimika Mchana

Mama yangu alifundisha shule ya msingi ya kanisa hapa Kamina mpaka alipostaafu, na alipostaafu hakujua kukaa bure. Akaamua kuandika hadithi fupi za Biblia kwa Kiluba kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wa mjini, alilalamika, ukiwauliza kwa Kiluba wanakujibu kwa Kiswahili. Mimi ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari na ninaishi naye. Kompyuta ilikuwa yangu, ya mezani, ya zamani, yenye kisanduku kirefu cheusi kinachokaa sakafuni. Tuligawana muda. Asubuhi kabla ya kwenda shuleni niliandaa masomo yangu, na mchana baada ya chakula aliketi yeye.

Msimu ule wa kiangazi kisanduku kilianza kupiga kelele. Kilinguruma kama mashine ya kusagia mihogo, hata jirani akauliza tunafanya kazi gani ndani. Kisha siku moja kelele ikakoma kabisa. Tulifurahi. Mama alikuwa ameiombea, na hakusema hivyo kwa utani. Akainua mikono na kumshukuru Mungu kwa Kiluba: "Wafwako, Leza!" Mimi nilidhani ni vumbi lililokuwa limekwama likatoka lenyewe. Hakuna aliyejiuliza kama ukimya nao ni ugonjwa.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani.

"Miye sikugusa kintu," akasema kabla sijauliza. "Nilikuwa naandika tu, njo ikajifia."

Nikaiwasha. Ikawaka. Nikamwambia huenda ni umeme, maana tunatumia paneli za jua juu ya bati na betri moja iliyokwisha kuchoka. Kesho yake asubuhi nilifanya kazi bila tatizo lolote. Mchana ikamzimikia tena. Na siku iliyofuata tena.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Kama ni umeme, mbona asubuhi, wakati betri imelala njaa usiku kucha, kompyuta inakaa salama, na mchana, jua kali, betri imejaa, inakufa? Nilihamisha nyaya. Nilinunua plagi mpya. Nilidhani ni virusi, nikafuta vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa nini. Asubuhi moja nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko anayetengeneza simu na redio. Akakiwasha kisanduku asubuhi hiyo, kikawaka vizuri. Akakitazama, akanitazama.

"Madame, iko muzima hii," akasema.

"Inazimika mchana."

"Mchana tu?"

"Mchana tu. Na kwa mama yangu tu."

Alitaka kucheka, akajizuia. Mwishowe akabadilisha kile kisehemu cha ndani kinachopokea umeme, kwa bahati tu, nadhani, ili nisiondoke mikono mitupu. Nikairudisha nyumbani. Mchana ikazimika.

Jioni ile mama hakula vizuri. "Mashini inanikataa," akasema. "Iko inasikia ni mikono ya muzee."

Nilimwambia aache maneno hayo, lakini ndani yangu nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikuthubutu kuisema. Siku zile alikuwa ametia chumvi mara mbili kwenye maharage. Mara moja aliniita kwa jina la dada yangu aliyekufa, akaendelea na habari zake bila kugundua. Nikawaza: labda anabonyeza kitufe cha kuzima kwa mguu, halafu anasahau. Nikakitoa kisanduku sakafuni, nikakipandisha mezani, mbali na miguu yake. Sikumwambia sababu. Alikitazama pale juu, akanitazama mimi, na nadhani alielewa.

Jumamosi mchana nikaamua kuketi kando yake. Alivaa miwani, akaanza kuandika habari ya mwana mpotevu, polepole, kwa vidole viwili. Mikono yake ilikuwa kwenye herufi. Miguu ilikuwa chini ya kiti. Kioo kikawa cheusi.

"Umeona?" akasema.

Nikakaa mahali pake, nikaiwasha, nikaandika mimi mwenyewe. Haikufika mbali. Ikazimika mikononi mwangu.

Mama akapiga makofi. "Hata weye!" akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Hata weye, madame wa Kifaransa!" Nami nikacheka, ingawa sikuwa nimeelewa chochote. Nilijua tu kwamba si yeye, na mzigo mmoja ukanitoka.

Nikaweka mkono juu ya kisanduku ili nikisogeze. Kilikuwa cha moto kama sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyotoka jikoni sasa hivi. Nikadhani ni jua la dirishani. Tukahamishia meza upande wa pili wa chumba, tukasubiri, tukawasha, ikazimika vilevile. Ndipo nikachukua bisibisi nikafungua ubavu wake. Fundi alikuwa ameufungua pia, lakini alitazama chini, kwenye umeme, na mimi nikatazama juu. Pale juu kuna feni ndogo, imekalia vipande vyembamba vya chuma. Kati ya mapanga yake kulikuwa na udongo. Udongo mwekundu, mkavu, uliofinyangwa vizuri kama chungu.

"Ni mavu," mama akasema akichungulia. Nyigu wale wanaojenga nyumba zao za udongo kwenye pembe za dari walikuwa wamejenga humo.

Niligusa chuma nikaungua kidole. Mama akaubandua udongo kwa pini ya nywele. Tukawasha. Feni ikatetemeka, ikageuka nusu, ikasimama. Mota yake ilikuwa imeungua kwa kusukuma nyumba ya watu. Kumbe kelele ilikoma siku feni iliposimama, na asubuhi ni baridi tu iliyokuwa ikiiokoa kompyuta.

Mama akatoka, akarudi na feni ya sebuleni, akaielekeza kwenye ubavu ulio wazi. Kompyuta ikadumu mchana kutwa. Karatasi ziliruka chumba kizima, yeye akaandika ameziwekea viatu juu.

Mkuu wa shule yetu aliniruhusu kutoa feni kwenye kompyuta moja iliyokufa stoo. Haikuingia sawasawa. Matundu yake yalikuwa mapana kuliko ya kwetu, nikaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nilipowasha, kioo kilijaa mistari ya Kiingereza na kukataa kuendelea.

"Inasema nini?" mama akauliza.

Nikafungua kamusi. "Inasema haioni feni."

"Lakini feni iko inazunguka!"

Ilikuwa inazunguka kweli, mbele ya macho yetu. Tuliitazama ikizunguka huku kompyuta ikisema haipo. Mwishowe nikachomoa waya wake nikaujaribu kwenye vijiti vingine vya chuma vilivyo kando, vinavyofanana kabisa na vile vya kwanza, na maneno yakaondoka.

Tangu hapo inafanya kazi. Isipokuwa mara moja, mwezi uliofuata, mchana, ilizimika tena chini ya mikono ya mama. Feni ilikuwa inazunguka, chuma kilikuwa cha baridi, betri imejaa. Nilifungua, nikatazama kila kitu, nikafunga. Haijarudia, na sababu sijaipata.

Mama hakutaka kujua. Alingoja niiwashe, akatafuta mahali alipoachia, akaniuliza kama watoto wa leo wataelewa neno la Kiluba la "nguruwe" au aandike na Kiswahili pembeni. Nikamwambia aandike yote mawili.