Jiko la Ramkali

Mama mkubwa Ramkali, mjane wa kaka yake baba, hajawahi kuitwa mama fulani, maana hakuzaa. Semarkhedi nzima, kuanzia kwetu watu wa tabaka la Walodhi karibu na kisima mpaka kwa wale wa tabaka la Waahirwar kule mwisho wa kijiji, humwita "yule wa Barkhedi," kijiji alikozaliwa kabla ya kuolewa hapa. Mama yangu ni mama Binno, na Binno ndiye mimi. Ukiuliza nyumba yetu utaelekezwa kwa mama Binno. Mama mkubwa akisikia hivyo, husugua sufuria mpaka inalia.

Basi zikaja habari kwamba Mwalimu Dhaniram anapita kuhesabu watu, na kwamba serikali haihesabu milango, inahesabu majiko. Wanaokula jiko moja ni nyumba moja.

"Na mjane mwenye jiko lake," mama mkubwa akaniuliza, kama vile hana haja sana na jibu, "mkuu wa nyumba anaandikwa nani?"

"Si mwenyewe?"

Kesho yake nikamkuta mbele ya chumba chake, mikono imejaa udongo na kinyesi cha ng'ombe, anafinyanga jiko.

"Dada, chapati zangu zimekukwama kooni?" mama akamtupia kutoka jikoni.

"Zako? Nani alikufundisha kusukuma, mdogo wangu? Ulikuja hapa unasukuma ramani!"

Mwalimu akafika jiko halijakauka. Alilibonyeza, kidole kikaacha shimo.

"Hili halijaona moto, mama."

"Litaona."

"Andika nyumba moja, Mwalimu, tumalize," baba akasema.

Mwalimu akamtazama mama mkubwa, mwenye tope hadi viwikoni. "Naenda kwa Waahirwar. Nikirudi nikute chakula hapa, naandika mbili. Nisipokuta, moja."

Nilivyomwona akipuliza! Moshi ulijaa ua mzima. Jiko likapasuka ubavuni, akaziba ufa kwa tope. Likapasuka tena, akaziba tena, machozi yanamchuruzika, sijui ya moshi au ya nini. Mama naye akawasha lake mapema kuliko siku zote, na kuimba juu.

Kwetu chapati ya kwanza ya kila jiko ni ya ng'ombe. Mwalimu aliporudi, mama alikuwa mlangoni pake, chapati mkononi, anamwita ng'ombe wetu Dhauri. Upande wa pili mama mkubwa ameshika yake, imeungua pembeni, hamwiti yeyote. Dhauri akasimama katikati ya ua. Akanusa huku, akanusa kule, kisha akaenda kwa mama mkubwa, anayemkamua kila asubuhi.

Mwalimu akacheka, akatoa kalamu. "Jina?"

"Ramkali."

"Mkuu wa nyumba?"

Akavuta ushungi vizuri kichwani. "Ramkali. Huyohuyo."

"Hata ng'ombe!" mama akasema, chapati inampoa mkononi.

Ingeishia hapo, ila baba alikuwa amenusa siagi na pilipili ya kukaanga. Akachukua sahani yake, akavuka ua.

"Shemeji, nyumba yako inapokea wageni?"

"Kaa, usinimalizie tu."

Nikageuka kumtazama mama. Hakuwepo mlangoni. Nikasikia ndani sufuria inasuguliwa, na inalia.