Shangazi wa Kijapani

Enzi zetu pale mtaa wa Dixon, Toronto, Jumamosi haikuanza kwa mlio wa simu. Ilianza kwa ndoo ya deki, harufu ya kitunguu kinachokaribia kuungua, na sauti ya mama yangu akiimba Kijapani. Ndiyo, Kijapani. Anayetaka kucheka aishie hapa hapa, maana wachekaji nimewachoka tangu utotoni.

Mama hajawahi kukanyaga Japani. Kabla hatujahamia Toronto alifanya kazi za nyumbani Moshi, kwa mtaalamu wa kilimo cha mpunga aliyetoka huko. Mke wa yule mtaalamu, Mama Keiko, alikuwa na kaseti za mwanamke mmoja aliyetunga na kuziimba nyimbo zake mwenyewe. Wakikunja nguo pamoja alimfundisha Mama neno kwa neno, na maana akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Walipoondoka walimwachia kaseti tatu, naye akazileta Kanada zimeviringishwa ndani ya kanga.

Mama alimwita yule mwimbaji Shangazi, nasi tukafuata. Kumbe mwenzenu niliamini kabisa kwamba yule mwanamke wa nywele fupi kwenye ganda la kaseti ni dada yake Baba. Shuleni tulipoambiwa tuchore familia zetu, nilimchora katikati. Mwalimu aliponiuliza ni nani, nilimjibu bila wasiwasi kwamba huyo ni wa upande wa baba.

Nyimbo zenyewe tulizipa majina yetu. Wimbo wa shati ulikuwa wa mwanamke aliyeanika shati la mume aliyemwacha. Mvua inanyesha, naye haendi kulianua. Huo ulikuwa wa kupigia deki. Wimbo wa treni ulikuwa wa mbio, na mimi na kaka yangu Baraka tuliukimbiza korido nzima ya ghorofa ya kumi na moja, mpaka jirani yetu Msomali afungue mlango na kufoka, "Nyinyi treni, mtoto kalala!" Wa tatu Mama aliupenda kuliko yote. Mzazi anamwambia binti anayeolewa kwamba mlango wa nyumbani hautafungwa, hata akirudi peku, hata akirudi bila maelezo. Akiuimba huo aliacha kila kitu, akasimama dirishani, na ndege za uwanja wa Pearson zikipita alipandisha sauti mpaka zipite. Tulisubiri wimbo uishe ndipo tuombe chai. Watoto wa siku hizi hata ubeti wa kwanza haujaisha wameshauruka, halafu wanakuambia wanapenda muziki.

Basi, binti wa mama mkubwa, dada yetu Upendo, akapata mchumba. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilifanyika kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, na mshereheshaji alikuwa Mama Glory, ambaye hakuna kamati iliyoundwa Toronto bila yeye kuwa mwenyekiti. Kina mama walipita mmoja mmoja wakicheza na kumkabidhi bibi harusi zawadi. Mama alitoa blanketi kama wenzake, kisha akaomba kipaza sauti. Alikuwa amejiandaa wiki nzima, na nyumbani tulimsikia akirudia rudia bafuni.

"Mwanangu Upendo," alisema, "mama yako mdogo sina maneno mengi. Nakupa wimbo. Unasema mlango wangu uko wazi siku zote."

Akaanza. Alikuwa na sauti nzuri siku ile kuliko siku zote, nawaapia. Hakumaliza hata ubeti mmoja. Mama Glory alimpokonya kipaza sauti mkononi.

"Jamani, Mama Neema! Hapa ni sendofu, hatujaja kuagiza chakula cha Wachina! DJ, hebu tuwekee muziki wa watu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Upendo naye alicheka, kajiziba mdomo kwa kiganja. Mama alitabasamu, akarudi kwenye kiti chake, akajitanda kanga vizuri kama mtu aliyesikia baridi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya ndoo bila wimbo. Baraka alipowasha redio kaseti, Mama alimwambia, "Zima, kichwa kinaniuma." Jumamosi nyingine kikamuuma tena. Baba alimbembeleza, akamtania, akajaribu hata kuimba yeye kwa makosa ya makusudi ili amrekebishe. Mama alicheka tu, akaendelea kukatakata kitunguu. Hakuimba tena.

Nina hasira, na siombi radhi kwa hilo. Wanawake wale wale waliorudi kutoka kazini wakilalamika kwamba wazungu wanacheka lafudhi zao ndio waliomcheka mama yangu. Hakuna hata mmoja aliyepanda lifti kuja kumwambia pole. Na mwishoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nyimbo za zamani za Kijapani zilipogeuka fasheni mitandaoni, nani alitutumia wimbo wa treni kwenye kundi la WhatsApp? Mama Glory, na mioyo yake myekundu: "Wapendwa, muziki hauna mipaka!" Niliandika jibu ambalo lingevunja kundi lote. Mama akaninyang'anya simu. "Achana naye, Neema."

Enzi zetu tulikuwa na kaseti tatu na nyumba inayoimba. Leo nyimbo zote za dunia ziko mfukoni, na kila mtu kaziba masikio yake.

Mwaka ule ule wa ujumbe wa Mama Glory, Upendo alikuja kututembelea na binti yake Tumaini, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Tulikuwa tunakunywa chai. Mtoto akavua vidude vya masikioni, akamsogelea Mama na kumwekea simu karibu.

"Bibi, listen. It's Japanese. It's so beautiful."

Ulikuwa wimbo ule wa sendofu. Mama aliusikiliza wote, mpaka mwisho. Upendo aliutambua, nilimwona anaweka kikombe mezani na kushindwa kutuangalia.

"What is she saying, Bibi? Do you know?"

"Hapana, mjukuu wangu," Mama alisema, akimmiminia chai. "Mimi Kijapani nitakijulia wapi?"