Shemeji Orrin na Milio Sitini ya Darubini

Orrin Stensrud amemwoa mdogo wangu Maydene mwaka wa ishirini na sita huu, na katika miaka yote hiyo nimemsikia akiuliza swali mara moja tu. Kazi yake ni kukagua mashamba ya ngano yaliyopigwa na mvua ya mawe, kwa niaba ya watu wa bima. Anashuka kwenye pikapu na viatu visivyojua tope, anang'oa masuke matatu, anayasugua viganjani, halafu anamwambia mkulima aliyezaliwa shambani humohumo kwamba hasara si kubwa hivyo, na kwamba angepanda wiki mbili mapema yasingemkuta. Baba yake mwenyewe alikuwa na shamba zuri tu. Orrin alilikimbia akiwa na miaka kumi na tisa, eti vumbi linampa chafya. Leo anafundisha watu kulima.

Mtu wa namna hiyo akinunua darubini ya bunduki, mji mzima utajua.

Hapa Dunmore Flats tunalenga shabaha za mbali kila Jumamosi theluji ikishayeyuka. Mimi nimeanza tangu marehemu mume wangu yuko hai, na sijioni bingwa. Orrin alikuwa akija na bunduki ya baba yake, anapiga yadi mia moja, umbali ambao hata kipofu akiongozwa atapata kitu, kisha anakaa kwenye kiti cha kukunja na kuwasahihisha wanaopiga yadi mia sita. "Pumzi, bwana, pumzi! Unavuta kifyatuo kama unakamua ng'ombe." Yeye ng'ombe amewaona dirishani.

Majira ya baridi yaliyopita akanunua darubini kubwa nyeusi, ndefu kama chupa ya divai, na gurudumu dogo juu yake la kuzungusha kwa vidole. Risasi huanguka kadiri inavyokwenda mbali. Kwa hiyo ukiisha kuilenga sawasawa kwenye yadi mia, na gurudumu likisoma sifuri, ukitaka kupiga mbali zaidi unalizungusha gurudumu, nalo linalia tik, tik, tik. Kwa bunduki ya Orrin, kutoka yadi mia hadi mia sita ni milio sitini na miwili. Mzunguko mmoja mzima ni milio sitini. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Mwezi wa nne alikwenda akailenga yadi mia, na hapo alifanya vizuri, sitamnyima. Kisha akairudisha nyumbani, akaiweka kwenye meza ya jikoni kati ya sahani, na kwa wiki mbili kila jirani aliyeingia kuomba chochote alishikwa mkono na kukalishwa.

"Sikiliza mlio huo," anasema, akizungusha mbele na nyuma. "Umesikia? Kama saa ya ukutani."

Nilimwambia, "Shemeji, ukichezea hivyo utapoteza mahali ulipokuwa."

"Shem, nambari imeandikwa hapa. Sifuri ni sifuri."

"Sifuri ziko nyingi humo. Kila ukizunguka unaikuta nyingine. Mistari iliyochorwa chini ya gurudumu ndiyo inayokwambia uko mzunguko wa ngapi."

"Leota," akaniita kwa jina, jambo analofanya akitaka kunikumbusha kwamba yeye ni mwanamume, "nimesoma kitabu chake chote."

Hakukisoma. Nilikiona bado kimo ndani ya nailoni yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano ilikuwa siku ya mazoezi. Mimi na Maydene tulikuwa zamu ya handaki, yaani tuko chini ya shabaha, nyuma ya tuta la udongo. Kila risasi ikipita tunaishusha shabaha, tunaweka alama kwenye tundu, tunaipandisha tena. Kule kwenye mstari wa wapigaji alikuwa mzee Purcell, msimamizi wetu, mstaafu wa reli, na redio yake ya mkononi.

Risasi ya kwanza ya Orrin ilipiga ukingo wa tuta. Changarawe zikanimwagikia kofiani na nyingine zikaingia shingoni. Ya pili ikafanya vilevile. Ya tatu ikamjaza Maydene mchanga kwenye kahawa yake.

Nikashika redio. "Mzee Purcell, mwambie huyo mtu anapiga chini. Chini sana. Anatuzika."

Sauti ya Orrin ikaja badala ya ya mzee. "Hizo ni za mtu wa shabaha ya pembeni. Zangu zinaingia. Angalia vizuri, shem."

"Karatasi ni safi kama shuka la hoteli."

"Basi macho yako yamechoka. Si kosa lako, ni umri."

Maydene alikuwa anachota mchanga kwenye kikombe kwa kidole. "Muache tu," akasema taratibu. "Ataona mwenyewe."

"Ataona nini? Huyo hajawahi kuona kitu."

Orrin akapiga mbili tena, akatuzika mara mbili tena, kisha akatangaza kwenye redio kwamba anashuka handakini kuyasoma matundu kwa macho yake, na kwamba mimi niende kuipiga bunduki yake kama najua sana. Mzee Purcell akasimamisha upigaji. Tulipishana njiani, yeye ndani ya pikapu, mimi ndani ya yangu, na akaniinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani kama mtu anayemsamehe mwenzake.

Nilipolala nyuma ya bunduki, sikuangalia ndani ya darubini kwanza. Niliangalia chini ya gurudumu. Palitakiwa kuonekana mistari miwili. Ulikuwepo mmoja. Alikuwa ameanzia kwenye sifuri ya chini, mzunguko mzima pungufu, kwa sababu ya kuchezea mezani.

"Ni hicho tu?" mzee Purcell akaniuliza.

"Ni hicho tu. Wiki mbili za makelele, na hajui kuhesabu mpaka sitini."

Nikazungusha milio sitini nikiihesabu kwa sauti ili kila aliye kwenye mstari asikie. Wakacheka. Upepo ulikuwa mdogo, kutoka kushoto. Nikapiga. Shabaha ikashuka, ikapanda na alama ndani ya duara jeusi. Nikapiga ya pili, nayo ikaingia.

Kuna jambo ambalo Orrin hakulijua, kwa kuwa hajawahi kukubali zamu ya handaki. Risasi ikikupita juu ya kichwa hailii kama inavyolia ukiwa nyuma ya bunduki. Inapasuka masikioni, kali, kama ubao unaovunjwa juu ya utosi wako, na mwili hauamini tuta lolote. Sisi tumezoea. Nilipopiga ya tatu, redio ya mzee Purcell ikafunguka. Kule handakini Orrin alikuwa ameibana redio yetu kifuani na kidole kimebonyeza. Tukasikia pumzi zake. Kisha tukasikia, "Mama. Mama. Maydene, waambie waache. Waambie waache."

Na sauti ya mdogo wangu, chini chini, "Niko hapa. Kaa. Nishike hapa. Zimekwisha."

Watu kumi na mmoja kwenye mstari tulisikia. Hakuna aliyecheka. Mzee Purcell alivua kofia, akatazama milima, akatangaza upigaji umesimama. Orrin aliporudi, magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwa nini?"

"Mzunguko mmoja. Milio sitini."

Akaitikia kwa kichwa, akapakia vitu vyake.

Wale kumi hawakulisema kwa mtu. Mimi nililisema. Jumatatu, mgahawani, mbele ya sahani ya maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, niliwapa watu hadithi nzima, na nikaigiza sauti yake. Niliiga vizuri. Ile ya "Mama" niliirudia mara tatu kwa sababu watu waliomba. Nilipogeuka, Maydene alikuwa amesimama kaunta akingojea pai yake, mkoba mkononi.

"Umemaliza, dada?" akaniuliza.

Nikaisukuma sahani yangu pembeni.

"Miaka ishirini na sita namjua anavyojisifu. Unadhani sisikii? Mimi ndiye ninayelala naye." Akachukua pai. "Lakini siku ile alikuwa ananiita mimi."

Hakunipigia simu mwezi wa tano, wala wa sita. Niliendelea kumdharau Orrin kwa sababu nilikuwa nimezoea, lakini dharau ilikuwa haina ladha tena. Mwezi wa saba, ngano imeshaanza kuvunwa, aliyekuja mlangoni kwangu ni Orrin mwenyewe, darubini mkononi, kitabu kimetolewa kwenye nailoni.

"Nionyeshe hiyo mistari," akasema.

Nilimwonyesha. Sikuwa mpole. Kila akikosea hesabu nilimwanzisha upya kutoka mlio wa kwanza, mara nane, na hakubisha hata mara moja, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angebisha. Mwisho wa mwezi alipiga risasi ishirini yadi mia sita, kumi na nne zikaingia duarani. Si nyingi. Kwake zilikuwa nyingi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye kiti chake cha kukunja, amemshika mkono kijana mmoja wa benki. "Sifuri ziko nyingi humo, bwana," anamwambia. "Watu hawajui. Mimi niligundua mwenyewe."

Nilifungua mdomo, mzee Purcell akanitazama, nikaufunga.

Jioni hiyo simu ikalia.

"Njoo kula kesho," akasema Maydene. "Orrin ndiye kasema. Mimi sijasema."

"Nilete nini?"

"Lete viazi. Na ukija, Leota, njoo umefunga mdomo."