Mama Mkwe na Kifungo cha Koti

Mume wangu alikuwa ameenda kwenye kikao cha harusi, na mvua ilinyesha Kimandolu mchana kutwa. Nikabaki sebuleni na mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka Tengeru. Tangu niolewe hatukuwahi kukaa peke yetu hivyo. Baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, maneno yalituishia. Nikawasha televisheni.

Niliweka filamu mpya ambayo mimi mwenyewe ilinikosesha usingizi. Watu walichinjwa, magari yakalipuka, muziki ukanguruma. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Na huyu naye amekufa?" aliuliza, kama mtu anayeuliza kama chai imechemka. Kisha akasinzia.

Alipoamka nilikuwa nimebadilisha, na nyingine ndiyo kwanza inaanza. Kwenye flashi kulikuwa na filamu ya zamani, isiyo na rangi, ambayo siku zote niliiona ya kuchosha. Mgeni ameketi nyumbani kwa mjane mshona nguo. Watazamaji tunajua kwamba mgeni huyo ameua mtu, na kwamba kifungo cha koti lake kimedondokea kwenye kikapu cha mjane; akikiona, naye atauawa. Mjane hajui. Anatafuta kifungo cha gauni, mkono wake unazunguka kikapuni taratibu, huku wakiongea kwa lugha ya kigeni. Hakuna damu, hata muziki hakuna.

"Wanasemaje?" mama aliuliza.

"Wanasema mvua itanyesha, mama."

"Mvua! Toka hapo, wewe mwanamke!" Alikuwa akimfokea mjane; ungo ulimwagika. Akaongeza kitu kwa Kimeru, akanikamata mkono, akaung'ang'ania mpaka mgeni alipoondoka na mjane akabaki mzima. Na mimi nikaung'ang'ania wake. Kwa ajili ya kifungo, au kwa ajili ya mkono ule ambao kabla ya hapo haukuwahi kunishika? Sikujua.

Tuliokota maharage bila kuangaliana. Kisha akasema, "Irudishe."

Niliirudisha. Ilipofika palepale akanikamata tena.

"Lakini mama, mwisho si tumeshauona? Anapona."

"Najua anapona."

"Sasa unaogopa nini?"

Aliniangalia kama vile mimi ndiye nisiyeelewa Kiswahili. "Yeye hajui."

Mume wangu aliporudi nilijaribu kumweleza, nikashindwa. "Kwa hiyo hakuna kilichotokea?" aliuliza. Nikasema hakuna. Nikasema hapana, kimetokea. Akacheka, akaenda kula.

Siku hizi mama hunipigia simu. "Umepata nyingine ya zamani?" Natafuta. Nyingine ni za zamani kweli, lakini zinatulaza sote wawili. Juzi alipokuja tuliangalia moja mpya kabisa, na katikati yake kuna mtu anasubiri tu kwenye ngazi, na mama akabana pumzi. Basi si uzee wa filamu. Wala si ukimya peke yake, maana nimeona ukimya usio na kitu ndani yake. Nikimuuliza mama tofauti ni nini, ananiambia niweke, tutaona.