Kijiko cha Jasi

Petronila, mama wa Sara, alifika Oldeani na mumewe, mchuma kahawa kutoka Singida, lakini yeye akaajiriwa nyumbani kwa meneja wa shamba, kutunza tangi la kioo lenye samaki na mimea ya majini. Asubuhi moja ya mwaka 1979 alikuta mpira wa kupunguzia maji umo bado ndani ya tangi. Aliusahau mwenyewe. Maji yalibaki kidogo tu, samaki wamelala ubavu, wanahema.

Maji ya mvua yalikuwepo pipa zima, ila yakiwa matupu yaliozesha mimea. Lazima yatiwe jasi, ule unga mweupe wa jiwe. Kwa pupa akatia kijiko kizima kwenye jagi, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Unga ukatuama chini.

"Chemsha, Mama Sara," alisema Mzee Boazi, mpishi.

Wakachemsha. Unga ukatuama vilevile.

"Basi magadi! Hata maharage sugu yanalainika." Boazi alikwisha kuinua bakuli la magadi juu ya tangi, ili jasi ikayeyukie humohumo, Petronila alipomdaka mkono.

"Jaribu kwenye glasi kwanza!"

Magadi yalipokutana na maji ya jasi, glasi nzima ikawa nyeupe kama maziwa.

Petronila akaitazama. Kumbe maji yale yalikwisha kubeba jasi kadiri yalivyoweza; iliyotuama ilikosa nafasi tu. Jasi haikutaka moto wala magadi. Ilitaka maji mengi. Akalimimina jagi lote pipani, akakoroga hadi maji yakatakata, kisha akajaza tangi polepole. Samaki mmoja akasimama wima, wengine wakafuata.

"Kumbe maji tu!" Boazi akacheka.

Petronila akamrudishia bakuli lake. "Mzee, wewe umezoea kupika vilivyokufa. Hawa wanapumua."