Mtani Hapelekwi Polisi

Watu wa Miyuji walimjua Batholomeo kwa kengele ya baiskeli yake kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa Mgogo wa makamo, mrefu, si mwingi wa maneno. Kila asubuhi akishasali alifunga dumu la maziwa kwenye keria kwa mpira wa tairi, akashuka mjini mpaka mtaa wa Kikuyu, kwenye migahawa ya chai. Kazi hiyo aliianza zamani, wakati barabara ilipokuwa ya waenda kwa miguu, punda na baiskeli, na gari likipita ujue ni la serikali au la misheni. Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaja, redio zikaja, na mapikapu yaliyochokwa huko yalikotoka yakaja kwa wingi, na kila aliyeshika usukani akaiona lami ni ya baba yake.

Fredy alikuwa mmoja wao. Huyu alikuwa Mhehe wa Iringa, dereva wa pikapu nyeupe ya tajiri mmoja wa saruji, na mchezo wake ulikuwa mmoja. Akimwona mwenye baiskeli mbele yake, anamsogelea polepole mpaka mgongoni, anapiga honi ya ghafla, kisha anambana pembeni mpaka baiskeli inazama mchangani. Hapo ndipo anapotoa kichwa dirishani na kusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Mgogo! Toka barabarani, leo hakuna wa kumwomba!"

"Nenda zako, Mhehe! Mbwa wako anakungoja sufuriani!" Batholomeo humjibu huku anajikung'uta vumbi, na wote wawili wanacheka.

Wagogo na Wahehe ni watani: Mgogo huitwa ombaomba, Mhehe huitwa mla mbwa, na mtani hukwambia lolote usikasirike. Tena utani una uzito wake. Mama yake Batholomeo alipofariki, Fredy ndiye aliyeingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao mashavuni. Alipopewa jogoo wake alitoka, akashika jembe, akafukia mpaka mwisho, wengine walipokwisha kukaa kivulini. Mtu kama huyo unamshitaki vipi?

Mke wa Batholomeo, Yasinta, hakuridhika. "Baba Emilia, juzi maziwa yamemwagika nusu dumu. Utani gani huo wenye magurudumu?"

"Mtani hapelekwi polisi, mama Emilia."

"Basi mpeleke hata kwa padri."

Jirani yao alikuwa Yahaya, kijana wa Kirangi aliyetoka Kondoa kuja kutafuta maisha. Alizungusha mitumba kwa baiskeli, nguo za watoto hasa, robota limefungwa nyuma na vigauni vinaning'inia mbele kwenye usukani. Jioni moja alimkuta Batholomeo kwa fundi wa baiskeli, akasimama mbele yake na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepigana na nani?"

"Ile pikapu nyeupe imenibana tena. Mimi nakwenda polisi. Twende wote, mzee wangu, maana wewe dereva unamfahamu."

Fundi aliangua kicheko. "Polisi! Watakuuliza kengele iko wapi, taa iko wapi. Utarudi kwa miguu, baiskeli umewaachia wao."

"Waulize tu. Leo kanitia mchangani, kesho atamtia mtu kaburini."

Yahaya alimtazama Batholomeo, akingoja neno la mtu mzima. Na neno lilikuja. Laiti lisingekuja!

"Achana na polisi, mwanangu," Batholomeo alisema, akicheka. "Yule ni mtani wangu, hana ubaya. Akikubana, wewe mwulize mbwa wake yuko wapi. Atacheka, atapita."

Yahaya alikuwa kijana mwenye adabu. Mzee akishasema, amesema. Polisi hakwenda.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wanashuka mjini, Batholomeo mbele, Yahaya nyuma kidogo. Upepo ulikuwa mkali. Batholomeo alisikia honi nyuma yake, kisha sauti ya Yahaya, nyembamba, yenye kicheko cha mtu anayejaribu kitu kwa mara ya kwanza.

"We Mhehe! Mbwa wako yuko wapi?"

Honi haikupigwa tena. Injini ndiyo iliyonguruma. Batholomeo alipogeuka, pikapu ilikuwa imemwegemea kijana mpaka pale lami ilipolika, na Yahaya alikuwa bado ameangalia nyuma, meno nje, anangoja acheke mwenzake. Gurudumu la mbele likashuka ukingoni. Akaanguka kwenye mawe, baiskeli na robota vikamwangukia mguuni.

Pikapu haikusimama. Ilimpita Batholomeo, na kwa mara ya kwanza uso wa Fredy pale dirishani haukuwa na kicheko.

Watu walikimbilia. Mguu ulikuwa umepinda pasipo na goti. Vigauni vya watoto vilipeperuka vikanasa kwenye miiba.

"Nani kaiona hiyo gari? Ya nani?" watu waliuliza.

Batholomeo alikuwa ameinama miibani, anachomoa vigauni kimoja kimoja, anakikung'uta, anakikunja. Aliwasikia. Hakuinua uso.

Jumapili, kanisani, watu walipojipiga kifua na kuungama makosa ya mawazo, maneno na vitendo, naye alijipiga. Walipofika penye kutotimiza wajibu, ulimi wake uligoma. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wake ulikuwa umeponza mguu wa mtoto wa mwenzake, na sasa ulikuwa umejifunga.

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka hospitali. Yahaya alilazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Polisi wamesemaje?"

"Wameandika gari halikufahamika. Mimi namba sikuishika." Akamgeukia. "Mzee, nilimjibu vile vile ulivyonifundisha. Labda sikulisema vizuri."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Batholomeo aliweka chupa ya maziwa kitandani, akatoka.

Alimkuta Fredy nyumbani kwa tajiri wake, anaosha pikapu.

"Kamwene, Mgogo! Jumapili hii umekuja kuomba nini?"

"Leo sikuja kutania, Fredy. Yule kijana amevunjika mguu."

Fredy aliendelea kusugua mlango, mahali pale pale. "Alinitukana. Mrangi yule ni nani kwangu hata aniulize mbwa? Nani kamfundisha?"

"Mimi."

Kitambaa kilisimama.

"Twende polisi pamoja," Batholomeo alisema. "Ukaseme mwenyewe, nami niseme la kwangu."

"Mtani hampeleki mtani polisi. Unajua hivyo."

"Najua. Lakini Yahaya hakuwa mtani wako. Nilimpa maneno yasiyo yake, nawe ukamrudishia gari."

"Mama yako nilimfukia kwa mikono hii, Batholomeo." Sauti ya Fredy ilikuwa imeshuka. "Ukivuka mlango wa polisi, siku yako ikifika nani atalala kaburini mwako?"

Batholomeo aliitazama ile mikono. Ilikuwa inatiririka maji ya sabuni.

"Nitalala mwenyewe," alisema.

Baiskeli hakuipanda. Aliikokota mpaka kituoni, akaiegemeza nje ukutani. Kwenye kaunta alimkuta askari wa kike, umri wa binti yake Emilia.

"Mzee, hiyo baiskeli ina kengele?"

"Inayo."

"Haya, sema shida yako."

Alisema yote: jina la dereva, rangi ya pikapu, nyumba ya tajiri, mahali lami ilipolika. Askari aliandika, mara nyingine akimtuliza aende polepole.

"Kwa hiyo mchezo huu hakuuanza kwa Yahaya?"

"Aliuanza kwangu."

"Zamani?"

"Zamani."

"Na hukuleta taarifa. Kwa nini, mzee?"

Batholomeo alishika ukingo wa kaunta. "Nilikuwa nacheka, mwanangu. Andika hivyo."

Askari aliinua kalamu. "Kucheka si kosa la kuandikwa polisi."

"Najua," alisema Batholomeo. "Andika tu."