Kulwa wa Mstari wa Sitini na Mbili

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, Nyahanga pale Kahama, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nimekaa mbele ya kompyuta nimevaa sketi mpya na kujiona nimefika. Redio ya mawasiliano ikaita kutoka Masumbwe. Waliniuliza swali dogo, nikalijibu kwa maneno matano, kisha nikarudi kwenye chai yangu. Maneno hayo matano yamenichosha miaka yote hii.

Nakusimulia kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulilalamika kwamba mnafanya kazi watu watano kwenye jedwali moja, na mkuu wenu anawalazimisha kuandika kila mnachobadilisha: nani kabadilisha, lini, kwa nini. Ukasema anawafanya watoto wadogo. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Shangazi yako alikuwa anatafuta pa kuanzia, maana habari hii sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani, hata baba yako niliyezaliwa naye siku moja.

Wakati huo palikuwa na mradi wa kupanua barabara ya kuelekea upande wa machimbo ya dhahabu. Ilipaswa kupita katikati ya mashamba na makazi ya watu, na kwetu unajua, watu huzikwa kwao, kwenye ardhi ya familia. Kwa hiyo makaburi yote yaliyokuwa njiani yalitakiwa kuhamishwa kabla greda halijapita. Kila kaburi lilikuwa na mstari wake kwenye jedwali: namba, jina la marehemu, umri, mkuu wa kaya, upande wa barabara, na mahali atakapozikwa upya. Mafundi wa kuhamisha walifuata karatasi iliyochapwa kutoka kwenye jedwali hilo. Ambaye hayumo kwenye karatasi aliachwa.

Jedwali tulilishika wawili. Mwenzangu Nkwabi alikaa kambini Masumbwe. Yeye ndiye aliyetembea kaya kwa kaya na daftari lake, kisha akaingiza majina kwenye kompyuta ya kambi iliyotegemea jenereta. Mimi nilikuwa Nyahanga, kazi yangu kusafisha na kuchapa. Jedwali lilisafiri kati yetu ndani ya disketi, kwenye bahasha, juu ya pikapu ya mradi, mara mbili kwa wiki. Cheka tu. Na sisi tulijiona wa kisasa.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Mabula, karani wa ardhi wa zamani, mtu wa madaftari makubwa yenye jalada gumu. Kwake kosa halikufutwa. Ulilikata kwa mstari mmoja wa wino mwekundu ili lisomeke bado, pembeni ukaweka tarehe, jina lako na sababu. Kompyuta ilipokuja alitaka hivyo hivyo. Akaniagiza niongeze safu ya mwisho iitwayo Mabadiliko, na kila disketi inayotoka Masumbwe niitunze ilivyo, nifanyie kazi nakala. Niliitika, "Ndiyo, mzee." Safu nikaiongeza, nikaijaza wiki mbili, nikachoka nayo. Iliniharibia upana wa karatasi. Na disketi zilikuwa chache, nikawa naandika juu ya zile zile.

Sasa sikiliza vizuri. Jenereta la kambini lilikuwa na tabia ya kuzimika, na likiwashwa, Nkwabi angeweza kuandika upya jina ambalo alishaliandika. Nilishaondoa marudio ya namna hiyo mara nne au tano, na mara zote nilikuwa sahihi. Ndipo nikakutana na mstari wa sitini na moja na wa sitini na mbili. Kulwa Masanja, kaya ya Masanja, upande wa kushoto. Kulwa Masanja, kaya ya Masanja, upande wa kushoto. Umri ulikuwa haujajazwa kwenye wote wawili. Nikafuta wa chini. Mistari iliyofuata ikapanda, namba zikajipanga zenyewe, jedwali likakaa vizuri. Sikumuuliza Nkwabi, sikuandika popote, na baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshasahau.

Na mimi ninaitwa Kulwa, mwanangu. Baba yako ni Doto. Mtaani kwetu Ngokolo tulikuwa akina Kulwa watatu, na mama akiita mmoja tuliitika wote kwa makusudi ili kumkasirisha. Msukuma gani asiyejua kwamba pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na kwamba wake wawili wa mume mmoja wakijaliwa mapacha, kaya moja itakuwa na akina Kulwa wawili? Nilijua. Ila siku hiyo nilikuwa mtu wa kompyuta, na majina mawili yanayofanana niliyaona kama uchafu.

Zikapita wiki tatu, ikafika ile Jumanne. Mafundi walikuwa kwa Masanja. Mwenye nyumba alikuwa safarini, wapo wake zake wawili. Mke mkubwa aliitwa, na Kulwa wake, aliyefariki akiwa mtu mzima, akahamishwa kwa heshima zote. Mke mdogo, aliyeitwa Mama Doto kwa jina la pacha wake aliyebaki, alikuwa amesimama kando ya duara dogo la mawe akiwa na kitambaa cheupe kipya mkononi. Alisubiri. Hakuitwa. Alipouliza, msimamizi akatazama karatasi akamwambia Kulwa Masanja ni mmoja na keshahamishwa. Mama akasema wapo wawili, na mke mwenzake akasema hivyo hivyo. Lakini msimamizi alishaonyeshwa makaburi ya uongo ya kudai fidia sehemu nyingine, mawe yamepangwa na chini hakuna mtu. Nkwabi ambaye angemaliza ubishi alikuwa amelazwa na malaria. Kwa hiyo msimamizi akapiga redio ofisini, na hapo simlaumu, aliuliza.

"Nyahanga, kaya ya Masanja mna Kulwa wangapi?"

Nikatazama jedwali langu zuri. "Mmoja. Orodha iko sahihi, endeleeni."

Wakaendelea. Kabla ya saa sita mchana greda lilishapita.

Ijumaa Nkwabi alikuja Nyahanga mwenyewe, amekonda, ngozi ya njano, ameshika daftari lake. Alilifungua mbele ya Mzee Mabula. Sitini na moja, Kulwa wa mke mkubwa. Sitini na mbili, Kulwa wa mke mdogo, mtoto wa miezi minne. Nikamkatalia, mwanangu. Nilimwambia usoni kwamba hakuwahi kuuingiza mstari huo, na sikuwa nadanganya, nilikuwa naamini. Mzee Mabula akaomba disketi ya wiki ile. Nilishaandika juu yake. Akaniambia nimfungulie safu ya Mabadiliko. Alishuka nayo taratibu kwa kidole kwenye kioo, mwezi mzima, tupu.

"Basi hapa hakuna anayejua nani kafanya nini," alisema. "Hata wewe mwenyewe hujijui."

Nilipoona kile kidole chake kwenye kioo nikakikumbuka changu. Mistari miwili inayofanana, na mimi nabonyeza. Na nitakwambia jambo la aibu: nilipiga hesabu kwanza. Ushahidi haukuwepo. Ningenyamaza, lawama ingekaa kwa Nkwabi, mtu wa jenereta na marudio, na kazi ingemponyoka. Nilimtazama mwenzangu aliyetoka kitandani jana yake, nikaona siwezi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani umerudiwa."

Mzee Mabula hakufoka. Afadhali angefoka. "Kulwa, wino mwekundu sikuupendea rangi. Kosa lililokatwa nalikuta, nalirudisha. Hili lako ningelikuta wapi?"

Kesho yake alinipeleka Masumbwe. Mama Doto alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, mtoto mgongoni. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Akaitika bila kuniangalia. Mzee Mabula akanitambulisha kuwa ndiye karani wa Nyahanga.

"Ndiye wa redioni?"

"Ndiye mimi, mama."

"Unaitwa nani?"

Sijawahi kulionea haya jina langu kama siku hiyo. "Kulwa."

Mikono yake ikasimama juu ya michembe. Nilieleza nilichofanya, nikaomba radhi, nikalia, na machozi yangu hayakumsaidia kitu. Aliacha nimalize. Kisha akasema, "Mwandike."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba orodha ile ni ya makaburi ya kuhamishwa, na kaburi halipo tena.

"Sijakuuliza kaburi. Siku ile niliambiwa mbele za watu kwamba mwanangu hayumo. Mwandike."

Akaingia ndani akatoka na kile kitambaa cheupe. Tukaenda naye mpaka kwenye kifusi kilichosukumwa kando ya barabara. Hakuna aliyejua udongo upi ulikuwa wa wapi. Alichota mwenyewe alipoona panafaa, akafunga, tukaenda kuzika alipohamishiwa yule Kulwa mwingine. Nilichimba mimi, na sketi yangu mpya. Halafu Mzee Mabula akanipa karatasi na kalamu yake nyekundu, nikaandika mama akiwa amesimama juu yangu. Hakuwa amesoma, kwa hiyo nilimsomea. Kulwa Masanja, miezi minne, mtoto wa mke mdogo. Mahali alipozikwa upya: kando ya kaka yake. Mabadiliko: mstari huu ulifutwa na Kulwa wa Nyahanga bila kuuliza mtu, greda likapita, umerudishwa kwa agizo la mama yake.

"Soma tena pale kwenye jina lako," akaniambia. Nikasoma tena.

Jumatatu niliingiza maneno hayo hayo kwenye kompyuta, neno kwa neno, na jedwali halikuingia tena kwenye karatasi moja. Nimestaafu sasa. Nimefanya kazi kwenye majedwali mengi, na yote yamekuwa na safu hiyo ya mwisho. Wapo vijana walionicheka kama nilivyomcheka Mzee Mabula, na sikuwa na nguvu ya kuwaeleza. Wewe nimekueleza.

Kwa hiyo, mwanangu, andika. Ukibadilisha kitu kwenye jedwali la watu wengi, weka jina lako na sababu yako, hata kama una hakika. Mimi nilikuwa na hakika. Usimfutie mwenzako kabla hujamuuliza, maana yeye ndiye aliyefika nyumbani kwa wenye majina hayo. Kilichokuwepo mwanzo kitunze mahali. Na ukikosea, sema ungali na uwezo wa kusema, usisubiri mtu apekue. Mkuu wenu hakufanyi mtoto. Labda naye ana Kulwa wake ambaye hajawahi kumsimulia mtu.

Sasa nimechoka, niache nipumzike. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako. Kosa lako, maana halikosi kuja, alifanye lionekane mapema. Wala asikufikishe siku ya kupiga goti kwenye ua wa mtu, ukaulizwa jina lako, ukaona haya kulitaja.